Lami haijakauka wameshachimba: je, kamati ya ushauri inaweza kuwazuia?

Swali limetoka kwa dada mmoja mwenye duka la vifaa vya umeme, mji sitautaja. Anasema: "Shikamoo mtaalamu. Barabara ya mtaa wetu tumeisubiria lami miaka na miaka, ilipowekwa tulishangilia kabisa, haikumaliza mwezi wakaja watu wa maji wakaikata katikati, wakafukia na udongo wakaondoka, mvua ya kwanza tu pakawa shimo. Baada ya hapo wakaja wengine na nguzo za umeme, nao wakachimba pembeni. Nimeenda kwa mtendaji wa mtaa, akaniambia mambo hayo yanaongelewa kwenye kamati ya ushauri ya wilaya. Hiyo kamati ni kitu gani? Ina nguvu ya kuwazuia hawa watu au wanakaa tu kunywa chai? Na mtu kama mimi naingiaje?"

Marahaba dada yangu. Nimefanya kazi ya mipango kwenye halmashauri miaka mingi na makabrasha ya hizo kamati nimeyaandaa kwa mikono yangu, kwa hiyo nitakujibu kwa nilivyoiona kutoka ndani. Jibu fupi ni kwamba hapana, kamati haina nguvu ya kumzuia mtu kuchimba, imeitwa ya ushauri na kisheria kazi yake ndo hiyo, kushauri. Ila usiidharau, kwa sababu ni moja ya sehemu chache ambapo mwenye lami, mwenye bomba na mwenye nguzo wanakaa chumba kimoja na kila mmoja anasomewa alichofanya mbele ya wenzake. Kinachoamua kama itakusaidia ni muda, jambo lako limefika pale mwezi gani. Nitaeleza.

Kwanza tuangalie hiyo barabara yenyewe mbele ya duka lako, upana wake labda mita 6 au 7. Kama ni barabara ya mtaa basi lami ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na TARURA iko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Ukitembea ukatokea barabara kuu, pale umeingia kwa TANROADS, wakala wa barabara kuu, hao wako Wizara ya Ujenzi. Bomba ni la mamlaka ya maji, Wizara ya Maji. Nguzo ni za shirika la umeme, TANESCO, Wizara ya Nishati. Daladala zinazopita hapo njia yake inapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Takataka, leseni ya duka lako, wale wamachinga wanaopanga bidhaa pembeni, hayo ni ya halmashauri. Na siku hizi kuna kampuni za simu zinalaza nyaya zake chini, nazo zinataka njia. Sasa kila mmoja hapo ana bosi wake wa juu, ana ukomo wake wa bajeti aliopewa na wizara yake, na mwisho wa mwaka anapimwa kwa alichopangiwa yeye. Meneja wa maji hapimwi kwa kutokuharibu lami ya mwenzake, anapimwa kwa kaya ngapi zimepata maji. Ukielewa hilo utaacha kufikiri kwamba wale ni watu wabaya au wavivu, wengi wao ni wachapakazi kweli, tatizo kila mmoja anachapa kazi kwenye mstari wake unaokwenda juu wizarani, na hamna mstari unaokatiza kuwaunganisha huku chini mtaani.

Zamani kidogo, kabla TARURA haijaanza 2017, barabara za mijini zilikuwa mikononi mwa halmashauri yenyewe. Mhandisi wa barabara alikuwa chini ya mkurugenzi yuleyule wa afisa mipango miji, ofisi zetu zilikuwa korido moja, nikitaka kujua barabara gani inachongwa mwezi ujao natoka na karatasi yangu nagonga mlango. Sisemi ilikuwa bora kwa kila kitu, maana hela za barabara zilikuwa zinatawanyika sana na ujenzi wa wakati ule una mengi ya kusema, na kuanzisha wakala mmoja kulikuwa na sababu zake nzito. Lakini ile korido ilipotea. Na korido ikipotea lazima kuwe na kitu kingine cha kuwakutanisha watu, na kwenye sheria zetu kitu hicho kipo tangu 1997.

Sheria ya Tawala za Mikoa, namba 19 ya 1997, ndo iliyoweka Kamati ya Ushauri ya Mkoa, wengi tunaiita RCC, na ile ya wilaya, DCC. Ya mkoa mwenyekiti ni mkuu wa mkoa na katibu ni Katibu Tawala wa Mkoa, yaani RAS. Wanaingia wakuu wa wilaya, mameya na wenyeviti wa halmashauri, wabunge wa mkoa na wakurugenzi. Ya wilaya ni hivyohivyo kwa ngazi yake, mkuu wa wilaya anaongoza na Katibu Tawala wa Wilaya, DAS, ndo anaandika. Halafu taasisi, wale mameneja wa barabara, maji, umeme, wanaitwa kuja kutoa taarifa, na mara nyingi utakuta pia viongozi wa dini, vyama vya siasa na watu wa asasi. Kazi yake ni kushauri halmashauri juu ya mipango yao ya maendeleo na kuangalia kama shughuli zote za eneo zinakwenda kwa pamoja. Soma tena hiyo sentensi. Hamna mahali inasema kamati itamsimamisha mkandarasi. Mkuu wa wilaya anaweza kupiga simu na kusema simamisheni, lakini hapo anatumia kofia yake mwenyewe, sio ya kamati.

Sasa kikao chenyewe kikoje. Asubuhi watu wanajiandikisha, kabrasha linagawiwa mlangoni, zito kama tofali, na wengine ndo wanaliona kwa mara ya kwanza saa hiyohiyo wanayotakiwa kulijadili. Kinafunguliwa kwa dua, mwenyekiti anasema machache, inasomwa akidi, halafu inakuja sehemu inaitwa yatokanayo, yaani yale yaliyoagizwa kikao kilichopita yamefikia wapi. Hapo ndo moyo wa kikao chote na hapo ndo panapoharibiwa. Kwenye jedwali la yatokanayo kuna safu ya mwisho inaitwa utekelezaji, na humo utakuta maneno mawili, "utekelezaji unaendelea." Kikao hiki unaendelea, kijacho unaendelea, mwaka unaisha bado unaendelea. Nimeandika hayo maneno mimi mwenyewe mara nyingi kwa sababu taasisi ilileta hivyo saa tano usiku na kabrasha lilitakiwa kuchapwa asubuhi, na najua madhara yake, kwa sababu maneno hayo hayana tarehe, hayana mita, hayana jina la cheo cha mtu. Mjumbe hawezi kuuliza chochote juu yake.

Lingine linaloua kikao ni uwakilishi. Meneja hana nafasi, anamtuma kijana wake. Kijana ni mzuri, ana taarifa safi kabisa, ila akiulizwa "mnaweza kusogeza hiyo kazi mpaka mwezi wa tano?" anajibu atalifikisha kwa mkubwa wake, na ana haki ya kujibu hivyo kwa sababu kweli hana mamlaka. Kwa hiyo kikao kizima kinakosa mtu wa kusema ndiyo.

Ngoja nikupe mfano mmoja wa siku ambayo ilifanya kazi, kwa sababu nataka uone inavyokuwa. Ilikuwa kikao cha wilaya, ukumbi una joto, feni mbili na moja haizunguki. Mtu wa maji anasoma taarifa yake, akafika kwenye mstari unaosema watalaza bomba la inchi 6 urefu wa mita 900 na kitu, akataja na jina la barabara. Mhandisi wa barabara alikuwa amekaa mbele yangu, nikamuona anaacha kuandika, anarudisha kurasa za kabrasha nyuma, anaweka kidole. Akanyoosha mkono akauliza, samahani mwenyekiti, ni barabara ipi hiyo? Ni ileile. Yeye mkandarasi wake anaanza Februari, wa maji zabuni yao inafunguliwa Mei. Kwenye karatasi kila mtu alikuwa sahihi na kila mtu alikuwa ndani ya ratiba yake, na kama yule mhandisi angekuwa amemtuma mtu siku ile basi barabara ingewekwa lami Machi na kukatwa Juni.

Wa maji hakuweza kuwahi, hela yake ya mabomba ilikuwa haijatoka, na wa barabara hakuweza kusubiri kwa sababu mkataba umeshasainiwa na fedha zisipotumika kabla ya tarehe 30 Juni zinakuwa na mgogoro wake. Wakati wa chai wakatoka nje wawili wale na mimi nikawafuata. Mhandisi akageuza kabrasha akachora nyuma yake kwa peni, barabara, mtaro, ukuta wa nyumba za watu. Wakakubaliana bomba refu lipite pembeni, nje ya mtaro, na kwenye sehemu nne ambapo lazima maji yavuke upande wa pili, wa barabara ataweka mabomba matupu ya kupitishia chini kabla ya kumwaga lami. Wa maji akija Juni anapenyeza bomba lake ndani ya lile tupu, hagusi lami hata sentimita. Mabomba manne matupu, yaani ukilinganisha na gharama ya kukata na kurudishia lami ni kitu kidogo sana. Tuliporudi ndani nikaomba mwenyekiti iingie kwenye muhtasari, yaani kumbukumbu za kikao, na niliandika cheo cha kila mmoja, sehemu nne zipi, na mwisho wa mwezi upi. Kikao kilichofuata yatokanayo hayakusoma "unaendelea", yalisoma tatu zimewekwa moja bado, na aliyesema moja bado ilibidi aeleze kwa nini.

Ndo maana nasema nguvu ya kamati ya ushauri iko kwenye muhtasari. Amri haina, ila ina kumbukumbu, na mtu aliyekubali jambo mbele ya mbunge na mkuu wa wilaya na likaandikwa kwa jina la cheo chake atalikumbuka tofauti na mtu aliyekubali kwenye simu.

Lakini nisikupambie. Mwaka uliofuata yule mhandisi alihamishwa, akaja kaimu, mtu wa maji naye akabadilishwa, na barabara nyingine umbali wa dakika kumi kwa mguu ikakatwa vilevile kama ya kwako. Maelewano yalikuwa ya watu wawili na yaliondoka na watu wawili. Tulichojifunza pale tukaanza kufanya kikao kidogo cha wataalamu tu, wiki mbili kabla ya kile kikubwa, bila hotuba, na karatasi moja ya kujaza: barabara gani, nani anachimba, mwezi gani, fedha ipo au inaombwa. Karatasi moja tu. Inabaki ofisini hata mtu akihama. Mpaka leo naamini ile karatasi ilifanya zaidi ya vikao vikubwa vyote, na halmashauri au wilaya ambayo haina kitu kama hicho inategemea bahati.

Ukienda kwenye jiji kubwa mambo yanazidi. Chukua Dar es Salaam na Mto Msimbazi. Maji yake yanaanzia milima ya Pugu na Kisarawe, na Kisarawe iko mkoa wa Pwani, kwa hiyo hata ukiita RCC ya Dar es Salaam yote, chanzo cha mto kiko kwa kamati nyingine. Unashuka unapita Ilala, Ubungo, Kinondoni, unafika Jangwani unamwaga baharini pale daraja la Selander. Mto wenyewe kama rasilimali ya maji uko chini ya Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu, mazingira ni NEMC, barabara kuu ya Morogoro pale Jangwani ni TANROADS, na karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyokuwa inaingia maji mvua zikija ni habari za DART, wakala wa mwendokasi, nyumba za bondeni ni viwanja na mipango miji, taka zinazoziba mto ni za manispaa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 na familia nyingi zikapelekwa Mabwepande, na baada ya hapo kila taasisi ilikuwa na mpango wake mzuri wa Msimbazi, kila mmoja wake.

Kilichobadilisha ni 2018. Kati ya Januari na Agosti mwaka huo, kwa msaada wa Benki ya Dunia na wenzake, taasisi na vikundi zaidi ya 50 viliwekwa meza moja, wakiwemo wakazi wa bondeni, wakawa wanachora ramani pamoja, wanakwenda mtoni pamoja, wanarudi kuchora tena. Na katikati ya kazi hiyo, Aprili, mafuriko yakaja tena, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema tatizo ni la kwenye karatasi tu. Hata hao hawakuwa na nguvu ya kuamuru mtu, ulikuwa ushauri pia. Ila walitoka na mpango mmoja, na mpango huo mmoja ndo uliokuja kupata fedha za mradi wa Bonde la Msimbazi, ukiwemo ujenzi wa daraja jipya la Jangwani. Kwangu mimi tofauti kubwa ilikuwa kwamba walikaa mezani kabla bajeti haijagawanywa. Ukiwaita watu baada ya kila mmoja kupewa fungu lake unakuwa unawaomba wapoteze, ukiwaita kabla unawaomba wapange.

Na hii sio hekima mpya. Dar es Salaam ilikuwa na mradi wa Sustainable Cities wa Umoja wa Mataifa tangu 1992, moja ya miji ya kwanza duniani kuujaribu, na kulikuwa na vikundi kazi vinavyochanganya idara, wafanyabiashara na wananchi, kimoja cha taka, kingine cha makazi holela, kingine cha usafiri. Wale maofisa walijifunza sana kufanya kazi pamoja. Shida ilikuwa wengi walikuwa ngazi ya kati, wakirudi ofisini kwao bosi ana vipaumbele vyake na kilichokubaliwa kwenye kikundi kinabaki faili. Baadaye ilikuwepo Halmashauri ya Jiji juu ya manispaa, ikavunjwa Februari 2021 na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji, kwa hiyo leo jambo linalogusa halmashauri zote tano za Dar linategemea sana ofisi ya mkuu wa mkoa na hiyo RCC. Wasomaji wangu wa Nairobi nao wana ya kwao, barabara moja unakuta KeNHA, wa barabara kuu, mbele kidogo KURA, wa barabara za mijini, ukiingia ndani ni ya kaunti, na ile taasisi ya NMS iliyopewa kazi za kaunti 2020 ilimaliza muda wake 2022 zikarudi. Miji inatofautiana majina tu.

Haya, turudi kwako, unaingiaje.

Shimo lililopo sasa hivi usilipeleke kwenye kamati, utachelewa. Anayetaka kukata barabara anatakiwa awe na kibali cha mwenye barabara, na kibali hicho kinakuja na wajibu wa kurudisha barabara katika hali yake. Kwa hiyo nenda ofisi ya TARURA ya wilaya yako na barua fupi, uliza vitu viwili: je kulikuwa na kibali cha kukata pale, na kama kilikuwepo nani anawajibika kurudishia na mwisho wake lini. Peleka picha, na uweke kitu cha kupimia kwenye picha, futi ya fundi inatosha, andika shimo lina urefu gani na upana gani na ni umbali gani kutoka duka lako. Nakala mpe meneja wa maji, mtendaji wa kata na diwani. Usiandike "tunaomba mtusaidie sisi wananchi wanyonge", hiyo barua inawekwa chini ya nyingine mia zinazofanana nayo. Barua yenye mita na swali la kibali inabidi ijibiwe, maana kama kibali hakikuwepo basi TARURA mwenyewe ndo aliyeharibiwa mali yake, na atataka kujua kuliko wewe.

Ya mwaka kesho ndo inakwenda kwenye kamati. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai. Bunge la bajeti linakaa kuanzia Aprili, kwa hiyo mipango ya halmashauri inapita kwenye kamati za ushauri mapema mwaka, na maandalizi ya chini kule mitaani yanaanza miezi kadhaa kabla. Ukiongea Mei umeongea ukutani. Ukiongea Oktoba au Novemba, kwenye mkutano wa mtaa, likaandikwa, likapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo diwani wako ndo mwenyekiti wake, hapo lina njia. Diwani wa kawaida huwa sio mjumbe wa DCC, wengi hawalijui hili wanamlaumu bure, lakini meya au mwenyekiti wa halmashauri ni mjumbe na mbunge ni mjumbe, kwa hiyo diwani analisema kwenye Baraza la Madiwani na wale wawili wanalibeba. Sambamba na hapo mwandikieni Katibu Tawala wa Wilaya, wewe na wenye maduka wenzako kumi, msaini wote, kwa sababu yeye ndo katibu wa kamati na ajenda inaandaliwa kwake. Ombeni kitu kimoja tu: taasisi zote zilete orodha ya barabara watakazochimba mwaka ujao, iwe karatasi moja, na iingie kwenye muhtasari kwa jina la cheo na mwezi.

Nilisahau umeme. Nguzo mara nyingi zinafuata mpaka wa hifadhi ya barabara, na kama mpaka haujawekewa alama, mtu wa nguzo anachimba anapoona panafaa. Ukiwa pale TARURA uliza kama barabara yenu imewekewa alama za mpaka. Kama bado, iongeze kwenye barua ileile, mstari mmoja unatosha.

Jibu la meneja wa TARURA likitoka niandikie namba ya kibali na tarehe iliyotajwa, nitakuandalia barua ya pili.